Asubuhi za Mama Mwenye Nyumba

Mtaani kwetu Bagamoyo bado wapo wanaomsifu. Alikuwa mtu wa watu, watakwambia, mkono wake haukukauka, ukumbi wake haukukosa mgeni. Yote kweli, sikatai. Lakini mimi niliishi naye ua mmoja kwa miaka, nikala chake naye akala changu, na wanapoanza kumsifu mimi hukumbuka kwamba nina nguo za kuanua, nikainuka. Babu zake walitoka wapi na nani alimzaa nani, hayo waulizeni wanaopenda nasaba. Mimi nilimjua kwa asubuhi zake.

Sote tulimwita Mama Mwenye Nyumba. Alikuwa mrefu, mkavu, na kanga zake hazikuwa na mkunjo hata akiwa katikati ya moshi. Nyumba ilikuwa ya zamani, ukuta wa mawe na chokaa, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye kisima na mafiga ya kila mpangaji. Chumba kimoja nilipanga mimi, mwanamke wa Kikwere kutoka Ubena ile ya njia ya Morogoro, mhudumu wa wodi pale hospitalini. Kingine alipanga mwalimu wa Kihaya na mkewe. Vilivyobaki vilikuwa vyake mwenyewe na vya mwanawe wa pekee, Sefu, karani wa bandarini Dar es Salaam aliyekuja nyumbani kila Jumamosi. Ilikuwa miaka ile uhuru ungali mbichi, serikali inamtoa Mhaya kumleta pwani, inamtoa mtu wa pwani kumpeleka Mwanza, na watu ambao mababu zao hawakupata kuonana wakajikuta wanachota maji kisima kimoja.

Alfajiri akishasali, aliketi juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, pale mlangoni pa jiko lake, mahali unapoona mafiga yote. Hakuna sufuria iliyofunuliwa asiione. Akishamaliza nazi yake, aliinuka akapita figa kwa figa kuonja. Hakuomba. Alifunua, akachota kwa vidole viwili, akatia kinywani, akainua macho juu kama anayetafuta mawingu. Wewe umesimama na mwiko wako, watoto wa mwalimu wamesimama na vikombe vyao, hakuna anayekula mpaka aseme. Hiyo aliita haki ya jirani, na kodi ya chumba ukichelewesha angekusubiri, lakini haki ya jirani hakuisamehe hata siku moja.

"Mchana kila mtu mwongo," alikuwa akisema. "Mchana nyote mnapika wali. Asubuhi ndiyo kwenu."

Na kwa asubuhi zetu alitupanga. Juu kabisa alikaa yeye, na vitumbua vyake, mbaazi zake za nazi, mkate wake wa kumimina wa siku za Ijumaa. Chini yake palikuwa patupu kidogo, halafu ndiyo tukafuata sisi. Mimi nilikuwa mtu wa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Ubena ndivyo tulivyoamka, na kazi ya wodi haikuniachia nafasi ya kujifunza mapishi ya watu wa mjini. Aliwaeleza wageni wake, mimi nikiwa hapo hapo nachota maji, kwamba Wakwere ni watu safi sana, wanaosha muhogo vizuri mno mpaka wanasahau kuupika. Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nami nilicheka, maana chumba kilikuwa chake, lakini moyoni niliumia, na mpaka leo nikimenya muhogo nalisikia lile neno.

Mke wa mwalimu ndiye aliyepata makali zaidi. Wahaya wa nyumba ile walikula ndizi na maharage jua likichomoza, sahani imejaa, watoto wanakwenda shule wameshiba. Mama Mwenye Nyumba akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa kama kwao Bukoba adhuhuri huadhiniwa alfajiri. Siku nyingine yule mama wa watu alileta kikapu kidogo kizuri cha kusukwa, ndani yake mna buni zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, zile wanazotafuna kwao mgeni wa heshima akija. Mama Mwenye Nyumba alikipokea kwa mikono miwili kama inavyopaswa. Akatia buni moja shavuni, akatafuna, kisha akaitema kwenye kiganja na kuwatupia kuku, akasema kuku wa pwani hawachagui. Mke wa mwalimu alirudi chumbani na kikapu chake na hakikuonekana tena uani.

Lakini Mhindi wa duka la ng'ambo ya njia, mkewe alipoleta chapati zao nyembamba na achari ya embe, Mama Mwenye Nyumba alisifu, akasifu na sahani. Achari yenyewe ilimtoa machozi. Sukari na mafuta ya taa vilitoka duka lile lile, na ulimi wake ulijua mipaka yake vizuri kuliko watu walivyodhani.

Sasa msidhani alikuwa mbaya tu. Mtu mbaya tu ni rahisi, unamchukia unalala. Huyu mke wa mwalimu huyu huyu alipojifungua, hana mama wala dada karibu, ni nani aliyemkanda kwa maji ya moto? Ni nani aliyempikia uji wa pilipili manga asubuhi na jioni mpaka arobaini yake ikatoka? Ni Mama Mwenye Nyumba, kwa mkono wake, hakumwachia mtu. Alimwogesha mtoto, akamfunga, akamwimbia. Arobaini ilipokwisha akatoka barazani akawaambia mashoga zake kwamba amemlea mtoto wa Kihaya mpaka na yeye mwenyewe ananuka ndizi. Yote mawili aliyafanya kwa moyo mmoja, na mimi sijui mpaka leo ni Mungu gani atakayeyapima.

Tena hakuweza kula peke yake. Ikitokea wote tumetoka, ameachwa na nyumba, vitumbua vyake vingepoa kwenye kawa mpaka mmoja wetu arudi. Nilimkuta hivyo mara nyingi nikitoka zamu, amekaa kando ya chakula chake, njaa inamuuma, anasubiri mtu wa kumsema.

Zuhura alikuja nyumba ile siku ya Jumamosi, na Sefu, bila taarifa. Sefu alipelekwa Tabora na ofisi yake kwa kazi ya miezi michache, na huko akaoa. Mama yake hakuulizwa. Mtu mwingine angepiga kelele mtaa mzima usikie. Yeye alimpokea yule msichana ukumbini, akaitikia shikamoo yake, akamuuliza safari ya treni, akampeleka chumbani mwenyewe. Zuhura alikuwa mfupi, mweusi wa kupendeza, mwenye haya, Mwislamu mwana wa Mwislamu. Sefu akashusha pumzi akajua mambo yamekwisha.

Kumbe asubuhi haijafika. Kwa watu wa mji kama Mama Mwenye Nyumba, mke mpya hajawa mke wa nyumba mpaka mama mkwe afungue kinywa kwa chakula cha mkono wake. Asubuhi ya kwanza bibi harusi huwasha moto, huandaa, hutenga. Mama mkwe akila, mtoto wa watu ameingia. Asipokula, yupo tu. Jambo hili halisemwi kwa kuwa kila mtu analijua, na Zuhura hakuwa kila mtu. Mimi ningemwambia, lakini nilikuwa zamu ya usiku. Mke wa mwalimu mwenyewe hakulijua. Sefu alilijua, akalala.

Zuhura akaamka mapema, akachemsha chai ya tangawizi, na katika sahani nzuri kuliko zote akapanga matobolwa aliyopewa na mama yake, na karanga za kukaanga pembeni. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu na utamu wote umekusanyika ndani. Kwa Wanyamwezi ni chakula cha asubuhi cha heshima, kazi ya siku nyingi za jua na mikono ya mama, na binti akienda mbali hufungiwa kapu zima ili asikae ugenini bila ladha ya kwao. Ndicho kitu cha thamani alichokuja nacho, na ndicho alichompa mama mkwe wake.

Nilifika kutoka zamu wakati sahani iko mkekani. Mama Mwenye Nyumba alichukua kipande kimoja, akakigonga kwenye ukingo wa sahani. Kikalia. Kwetu pwani kitu kikavu cha namna ile ni kimoja tu, muhogo uliokaushwa, makopa, na makopa hayaliwi ila mwaka wa njaa.

"Sefu," alisema, "mkeo kaniletea makopa. Nchi ina njaa gani?"

Akafunika sahani kwa kawa, akaisukuma kando taratibu kama anayesogeza mtoto wa mwenzake. Zuhura alitazama sahani, akamtazama mumewe. Sefu akaangalia kikombe chake. Sefu alikuwa mpole, watu wote walimpenda kwa upole wake, na upole ule ulimfaa yeye peke yake.

Toka siku ile jina la Zuhura likafa. Akawa Makopa. Makopa, chota maji. Makopa, fagia. Akija mgeni, Mama Mwenye Nyumba alimtambulisha kwa tabasamu kuwa huyu ndiye Makopa wetu wa Tabora, na watoto wa mtaani wakaliokota. Kila asubuhi alipita figa kwa figa kama kawaida yake, ndizi za mwalimu akaonja, muhogo wangu akaonja na kuutukana, na akifika figa la mkwewe aliruka. Hakulitazama, wala hakulisema. Zuhura alisimama na mwiko wake, amefunua sufuria tayari, na yule bibi akapita kama pale pana ukuta. Matusi tuliyoyapata sisi Zuhura aliyaonea wivu, aliniambia mwenyewe. Alisema, mtu anayekutukana muhogo wako si ameula?

Na haikuwa aibu tu. Mama Mwenye Nyumba alikuwa na binti wa kaka yake Pangani, msichana aliyefundwa, na kila Jumamosi Sefu akiingia alisomewa habari zake. Mwanamke ambaye sijala cha mkono wake si mke wa nyumba hii, alimwambia, na nyumba isiyo na mke mwanamume anaweza kuoa kesho. Sefu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Zuhura aliyasikia yote juu ya kuta zisizofika paani, akajua ndoa yake iko katika kinywa cha mtu mmoja.

Basi akaamua kujifunza. Hakufundishwa, msije mkadhani. Mama Mwenye Nyumba alipofika kwenye kupima hamira na iliki aligeuka akampa mgongo. Zuhura alikaa upande wa pili wa ua akichambua mchele, hasemi neno, anaangalia. Alijifunza kwa macho jinsi mchele unavyolowekwa na kwa muda gani, jinsi tui la kwanza linavyotengwa na la pili. Mengine aliyajua kwa masikio, maana alisema unga uliokwisha kuumuka vizuri unaingia kwenye chuma cha vitumbua kwa sauti yake. Vitumbua vyake vya kwanza nilivila mimi, maana nilikuwa natoka zamu na njaa ya kumeza lolote. Vilikuwa vizito, ungeweza kumpiga navyo mbwa. Vilivyofuata vikawa bora kidogo. Mwaka ukazunguka, na asubuhi moja nikauma kimoja nikakaa chini kwenye kizingiti. Kilikuwa laini, kimeshika rangi pembeni, katikati kimejaa vijitundu, iliki inakuja baadaye kama mtu mwenye adabu. Nilimwambia, mdogo wangu, hiki si cha Tabora wala cha Ubena, hiki ni cha mjini.

Hapo ndipo tulipopanga. Yeye apike kwenye figa langu wakati yule bibi bado yuko ndani anasali, mimi nikirudi nikae mbele ya chuma kama mpishi. Alitaka kitu kimoja tu, asikie yule mama atasema nini.

Mama Mwenye Nyumba akaja, vidole viwili, kinywani, macho juu. Kisha akafanya jambo ambalo sikupata kuliona: akachukua kitumbua kizima, akala mpaka kikaisha, akajilamba kidole. Akaniuliza nimefundwa na nani. Nikasema hakuna, ni macho tu. Zuhura alikuwa nyuma ya mlango wangu, na nilipoingia ndani nilimkuta amekaa sakafuni ameziba mdomo kwa kanga, anacheka na machozi yanamtoka.

Ikawa ndiyo desturi. Kila nilipokuwa na zamu ya usiku, asubuhi yake Mama Mwenye Nyumba alikula kwa mkono wa mkwewe na hajui, au ndivyo tulivyoamini. Akaacha kuniita mtu wa muhogo. Akaanza kunisifu mbele za watu, na alipenda kunisifu akiwa amesimama karibu na mlango wangu. Siku moja alisema neno ambalo nililiona jema wakati ule. Alisema, mwanangu angalipata mkono kama huu, mimi ningekufa sina kinyongo. Zuhura alitembea na neno lile siku nzima, anafua huku anaimba.

Nilitaka kumaliza mambo pale pale, nimwambie yule bibi ukweli. Zuhura akanikamata mkono. Alisema akijua amelishwa kwa ujanja atapata sababu ya kumfukuza iliyo bora kuliko zote. Akaniapisha. Alisema ataingia kwa mlango wa mbele, kwa sahani yake mwenyewe, siku ya watu.

Siku ya watu ilikuwa Idi. Asubuhi ya Idi Mama Mwenye Nyumba alitandika mkeka mkubwa ukumbini, na kila figa la ua ule lilitoa sahani yake, ya Mhaya, ya Mkwere, hata chapati za ng'ambo ya njia. Wanaume wakitoka msikitini, mashoga zake wakishakaa, yeye ndiye aliyefungua kwa kuonja sahani moja, na sahani hiyo ilipata jina mtaani mwaka mzima. Mwaka ule kabla ya Idi alimwita Sefu na Zuhura, mimi nikiwa napepeta mchele uani nasikia, akawaambia kwa utulivu: siku ya Idi nitaonja mbele za watu. Nikila cha Makopa, habari za Pangani zimekwisha, sitazitaja tena mpaka kaburini. Nisipokula, Sefu, utanisikiliza. Sefu akasema inshallah. Zuhura akasema, ndiyo mama, akatoka uani anatabasamu, maana alijua yule mama amekwisha kula, amekula mwaka mzima na kusifu.

Vitumbua alivyopika asubuhi ile sijala tena mfano wake. Alivipanga kwenye sahani, akafunika kwa kawa mpya, akavaa kanga alizoolewa nazo. Ukumbi ulijaa. Mama Mwenye Nyumba alipita juu ya ndizi, akapita juu ya muhogo wangu wa nazi, akafika kwenye kawa ya Zuhura akasimama. Akafunua. Mvuke ukapanda, harufu ikaenda mpaka barazani, nikaona mzee mmoja anageuza shingo. Mama Mwenye Nyumba aliinama juu ya sahani ile kwa muda. Halafu akarudisha kawa.

"Makopa ukiyapaka nazi," alisema, "bado ni makopa."

Akaenda kuonja chapati za Mhindi.

Nilisimama. Wallahi nilisimama na kinywa kimefunguka, nikitaka kuwaambia watu wote wa ukumbi ule kwamba vitumbua vile vile ndivyo anavyokula kwangu na kulamba vidole. Zuhura alinitazama kutoka pale alipokuwa, akatikisa kichwa mara moja. Nikakaa. Sefu alikuwa anamwagia mzee mmoja chai.

Alimwoa binti wa Pangani kabla mwezi haujaandama tena. Zuhura aliambiwa anaweza kubaki, nyumba ni kubwa, na kisima hakimkatazi mtu. Akaomba talaka yake, akapewa, Sefu akilia. Nilimsindikiza kwenye basi la kwenda Dar kupanda treni. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Dada, laiti angeonja. Angeonja tu siku ile, angejua." Mimi nikamwambia angejua, ndiyo, nikampa mkate wa njiani, basi likaondoka.

Sikukaa sana baada ya hapo. Nilihamishiwa zahanati ya Vigwaza, njia ya Morogoro, nikazeeka huko kidogo. Miaka ikapita. Akaja nesi mmoja kutoka Tabora, tukawa tunapika pamoja, na asubuhi moja akaniambia kwamba kwao karibu na stesheni kuna mama mmoja anakaanga vitumbua vya kipwani ambavyo abiria wa treni huteremka kuvipigania, na mume wake mpya ndiye anayepokea vikapu. Nikauliza jina. Nikauliza na urefu wake, nikahakikisha. Nililala vizuri siku ile kuliko siku nyingi.

Mwaka huo huo nilikwenda Bagamoyo kwa mazishi ya jamaa, nikapita nyumba ile. Ua ulikuwa umeota majani kwenye mafiga. Sefu na mkewe walihamia Dar zamani, na yule binti aliyefundwa alikuwa hakanyagi Bagamoyo ila kwa msiba. Mama Mwenye Nyumba alikuwa kitandani, upande mmoja umekufa, mkono umekunjika kifuani. Jirani alimwachia bakuli la uji asubuhi na kwenda shamba, na uji ulikuwa umepoa kando yake, hawezi kuushika. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti. Nikaupasha uji moto, nikamwinua, nikaanza kumlisha kwa kijiko. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Nilimlisha nikimwangalia, na hasira yangu ya miaka yote ikapanda. Nikasema moyoni, huyu hafi bila kujua. Nikamwambia pole pole, neno kwa neno, kwamba vile vitumbua vyangu alivyovisifu havikuwa vyangu. Vilikuwa vya Zuhura, vyote, toka cha kwanza. Nikangoja kuona uso wake utakavyovunjika.

Alimeza uji wake kwanza.

"Najua," alisema. "Mikono yako ilikuwa inanuka dawa ya hospitali. Muhogo wako ulinuka dawa miaka yote. Vile havikunuka."

Kijiko kilinisimama mkononi. Nikamuuliza alijua toka lini. Akasema toka siku ya kwanza. Nikamuuliza, basi yale maneno aliyokuwa akisema mlangoni pangu, ya mkono kama huu na kufa bila kinyongo. Akasema alikuwa anamwambia yeye, maana alijua yuko nyuma ya mlango.

"Mbona hukumwambia usoni?"

"Ningemwambia angelegea. Alikuwa anazidi kuwa mzuri kila siku."

Alisema hivyo bila kuona haya, kama fundi anayezungumzia mbao. Nikamuuliza siku ya Idi, mtu ameahidi, mtu anajua, ndoa ya mtu iko pale sahanini, mbona hakula. Upande wa uso wake uliokuwa hai ulikuwa umegeukia ukutani.

"Nilikusudia kula," alisema. "Nikafunua. Vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Na watu wote walikuwa pale."

Nikabaki na bakuli mapajani. Nje kulikuwa na mtu anapita akiuza samaki. Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi la kumtosha, na nilitaka kuondoka, lakini uji ulikuwa haujaisha na hakukuwa na mtu mwingine nyumba nzima. Nikachota tena. Akala. Baadaye kidogo akaniangalia kwa jicho lake moja zima, na kwa mara ya kwanza toka nimjue nikamsikia anauliza kitu kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Zuhura bado anapika?"

Alilitaja jina lake. Nilikuwa najua jibu lote, stesheni, vikapu, abiria wanavyosukumana, mume anayecheka. Neno moja tu lilitosha, na alikuwa analingojea kinywa wazi.

"Sijui," nikamwambia, nikamlisha uji uliobaki.